Nani Kaweka Ndoo Zote Hizi?

Hotuba kwa waandaaji wa matamasha na wauza tiketi, Mtwara mjini, wiki chache kabla ya msimu wa korosho

Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu wa hapa Mtwara na nyie mliotoka Lindi na Masasi na basi la alfajiri, shikamooni wakubwa. Na nyie vijana wa spika na majukwaa mliokaa kule nyuma, marahaba, maana najua mlikuwa mnaniamkia kimoyomoyo.

Nimeitwa niseme juu ya tiketi za mtandaoni. Aliyenipigia simu aliniambia, "Mama, wewe umekaa mlangoni miaka mingi, tueleze." Ni kweli nimekaa. Nina stesheneri yangu pale Chikongola, na kwa zaidi ya miaka ishirini tiketi za dansi, za taarabu na za bongofleva zimepita juu ya meza yangu kabla hazijafika mikononi mwa watu. Lakini naomba nianze na maji.

Nilipokuwa mdogo, Mikindani, tulikuwa tunapanga ndoo bombani tangu saa kumi alfajiri. Asiye na ndoo aliweka jiwe, au kandambili moja, au kipande cha chungu. Kile kitu kilikuwa mtu. Ukishaweka kandambili yako unaweza kurudi nyumbani ukawasha moto, ukafagia uwanja, na ukirudi nafasi yako ipo, hakuna wa kuigusa. Siku moja alikuja kijana akapanga ndoo kumi na nne mfululizo, zote za rangi moja. Bibi yangu akasimama, mkono kiunoni, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka ufukweni: "Nani kaweka ndoo zote hizi?" Kimya. Kijana anatazama bahari kama anayesubiri jahazi. Ndoo zilikuwa za mwuza maji wa mkokoteni, ambaye baadaye mchana angetupitishia majumbani maji yale yale ya bomba lile lile kwa bei aipendayo. Bibi akazitoa moja moja, akazipanga mwisho wa foleni. Akamwachia mbili, kwa sababu naye alikuwa na watoto.

Hiyo ndiyo habari yote ya tiketi za mtandaoni. Mngekuwa na haraka ningekaa. Lakini nimeona chai bado haijachemka, kwa hiyo niendelee.

Foleni ilikuwa hela ya asiye na hela. Mtu ambaye hana shilingi ya ziada anaweza kuwa na subira ya ziada: anaamka mapema kuliko tajiri, anasimama juani, anapata kilekile alichopata tajiri na kwa bei ileile. Wenye umri wangu mnakumbuka duka la kaya, foleni ya sukari na sabuni. Tuliteseka, sikatai. Na mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, neno lililokuwa kila mdomoni lilikuwa hili: walanguzi. Mlanguzi alikuwa yule aliyenunua asichokihitaji ili anayekihitaji asikipate mpaka apitie kwake. Watoto wa leo hawalitumii sana neno hilo, lakini kazi yenyewe ipo na inakwenda vizuri mno, tena kazi ya kiti na kiyoyozi.

Niwaeleze kwanza tiketi yangu ilivyokuwa, kwa sababu humu ndani wapo ambao hawajawahi kuiona. Ilikuwa manila, kila onyesho na rangi yake. Naikata kwa kisu cha karatasi, naandika namba kwa mkono, kisha nagonga muhuri nusu kwenye tiketi na nusu kwenye kishina, nikichana, muhuri unagawanyika. Wino wangu ulikuwa wa zambarau. Kuna kijana alinunua tiketi moja akaenda kuitoa fotokopi kwenye manila ya rangi ileile, akaja mlangoni na wenzake watano, kifua mbele. Mashine za wakati ule zilikuwa na wino mweusi tu, kwa hiyo muhuri wangu ulikuwa umegeuka masizi. Nikamwonyesha. Akacheka mwenyewe. Nilimwambia aingie, ila kesho asubuhi aje kuondoa viti. Alikuja, na leo ni mmoja wa watu wazima waliokaa humu, simtaji.

Mlanguzi wa tiketi naye alikuwepo, nisiwadanganye. Mchana ananunua tiketi ishirini kwangu kwa elfu tano tano, jioni anasimama chini ya mwembe ng'ambo ya ukumbi anauza elfu nane. Nilimjua, nilimjua na mama yake. Lakini tazameni jambo moja. Muziki ulitangazwa saa mbili usiku, ukaanza saa sita kama kawaida yetu, na ikifika saa saba yule bwana ana tiketi sita mkononi zinazogeuka karatasi tupu. Hapo bei inashuka: elfu nne, elfu mbili, "dada chukua hii, nipe ya soda." Nimemwona akizigawa bure. Mlanguzi wa chini ya mwembe alikuwa na miguu miwili, sura moja na usiku mmoja. Hakuweza kununua zaidi ya alichobeba, wala kumwuzia mtu asiyemfikia.

Mtandao ulimtoa chini ya mwembe.

Mwaka 2000 huko Marekani ilianzishwa kampuni iitwayo StubHub, mahali ambapo mwenye tiketi anaiweka mtandaoni na mtu yeyote, popote alipo, anaweza kuinunua, na kampuni inakata chake pande zote mbili. Mwaka 2006 mmoja wa waanzilishi wake, Eric Baker, akaanzisha nyingine London, viagogo. Mwaka 2007 eBay waliinunua StubHub kwa dola milioni 310. Mwaka 2020 viagogo wakaja kuinunua StubHub hiyohiyo kwa dola bilioni 4 na ushei. Fikirini hiyo hesabu. Ni thamani ya biashara ya kuuza tena kiti ambacho wewe hukukiseremala, hukukipangusa vumbi, wala hutakikalia.

Sasa mkiambiwa hivyo mnaweza kusema, basi, ni soko, mtu na tiketi yake. Ningekubali kama wauzaji wangekuwa watu kama mimi na wewe, waliopatwa na udhuru. Kuna kampuni ya huko Marekani, Wiseguy Tickets, ambayo wenyewe walishtakiwa mwaka 2010. Waendesha mashtaka walieleza kwamba kwa miaka kadhaa walipata tiketi zaidi ya milioni 1 na faida ya zaidi ya dola milioni 25. Walikodi watunga programu kutoka Bulgaria. Mnazijua zile herufi zilizopinda ambazo mtandao unakuonyesha uziandike, ati uthibitishe kwamba wewe ni mtu? Kapcha. Zile zilikuwa ndizo bibi yangu na mkono wake kiunoni. Hao jamaa wakatengeneza programu inayozijibu zenyewe, kwa maelfu ya majina ya bandia, katika muda ambao mimi nimevaa miwani tu. Programu za namna hiyo zinaitwa boti, na hazina uhusiano na zile zinazotuvusha kwenda Msanga Mkuu.

Boti ni ndoo kumi na nne, ila zimekuwa laki moja na arobaini elfu, na rangi zake zote tofauti. Bibi angesimama pale asingejua aitoe ipi.

Hapo ndipo foleni ilipokufa kama hela ya maskini. Kuamka mapema hakusaidii kitu. Unaingia mtandaoni saa nne kamili asubuhi, saa ambayo mauzo yanafunguliwa, unakuta zimekwisha. Saa nne na dakika tano zipo tele kwenye ukurasa mwingine, kwa bei mara tatu. Subira yako imeshindana na kitu kisichochoka, kisicho na njaa na kisicho na mtoto wa kumpeleka shule.

Marekani walitunga sheria ya kupiga marufuku boti hizo mwaka 2016, Rais Obama akaisaini mwezi Desemba. Unajua ilitumika lini kwa mara ya kwanza? Januari 2021. Madalali watatu wa New York wakaishia kulipa dola milioni 3.7. Miaka minne sheria imelala kabatini! Nasema hivyo ili tusije tukakaa hapa tukasubiri Dodoma ituandikie sheria ya tiketi za singeli.

Habari iliyotikisa dunia ni ya Novemba 2022, ya mwanamuziki Taylor Swift. Wajukuu zangu wanamjua kuliko wanavyojua jina langu la ukoo. Ticketmaster, ambao ndio wakubwa wa kuuza tiketi huko na tangu mwaka 2010 wameungana na Live Nation, waandaaji wakubwa wa matamasha, waliandikisha mashabiki mapema ili kuwachuja na boti. Walijiandikisha watu milioni 3.5. Siku ya mauzo mfumo uligongwa hodi mara bilioni 3.5, kwa hesabu ya kampuni yenyewe. Nchi yetu kwa sensa ya mwaka huohuo ina watu milioni 61.7. Ni kama kila Mtanzania, na mtoto wa mgongoni, agonge hodi mlango mmoja karibu mara hamsini na saba. Tiketi zaidi ya milioni 2 ziliuzwa siku moja, nyingi kuliko watu wote wa mkoa huu wa Mtwara, na bado mauzo ya wazi yaliyokuwa yafuate yalifutwa. Januari 2023 kiongozi wa Live Nation aliitwa na kamati ya Seneti kuhojiwa, na Mei 2024 serikali ya Marekani ikaipeleka kampuni mahakamani kwa madai ya kuhodhi soko.

Nataka tusimame hapa kidogo, kwa sababu ndipo penye utata na ndipo wengi wanapopita haraka.

Kwa nini mlanguzi anapata faida? Kwa sababu msanii, au mwandaaji, ameuza kwa bei ya chini kuliko ile ambayo mwenye hamu kubwa na mfuko mkubwa angelipa. Na kwa nini anafanya hivyo? Mwulizeni yeyote kati yenu. Nyie mnajua kwamba mkiweka kiingilio elfu hamsini, wapo watu mia moja wa hapa mjini watalipa, hasa wiki ile malipo ya korosho yameingia. Hamuweki. Mnataka vijana wa mbele wanaojua nyimbo zote, mnataka wauza nguo wa sokoni, mnataka mwaka kesho warudi. Ile tofauti kati ya elfu tano na elfu hamsini ni zawadi mnayoiacha mezani kwa ajili ya mashabiki. Mlanguzi hajaongeza kitu. Amepita kabla ya wageni akachukua zawadi zao.

Sisi watu wa korosho tunamjua bwana huyu, tena tuna jina lake. Kangomba! Naona mnacheka. Kangomba humjia mkulima mwezi wa njaa, mkorosho ungali na maua, anampa shilingi mbili tatu za ada ya shule, na msimu ukifika korosho zote zinapimwa kwa bakuli lake, mizani haipo. Yeye huyohuyo tukamtilia stakabadhi ghalani, kuanzia msimu wa 2007: korosho iende ghalani kwa chama cha msingi, ipimwe, iuzwe kwa mnada wa wazi, kila mnunuzi na bei yake inaonekana. Haujawa mfumo wa malaika, na wakulima waliocheleweshewa malipo wamo humu wananitazama. Lakini mnada una kitu ambacho tiketi za mtandaoni hazina: bei ikipanda, mwenye mkorosho ndiye anayepata. Tiketi ikiuzwa mara tatu ya bei, mpiga gitaa hapati hata senti ya kununulia nyuzi.

Na ipo tabia ambayo kangomba wetu angeionea wivu. Wapo wanaoweka tangazo mtandaoni la kuuza tiketi ambazo hawana. Mauzo yenyewe hayajafunguliwa, yeye tayari anauza "safu ya tano." Akishapata fedha yako ndipo anakwenda kuitafuta, akiikosa anakurudishia, au harudishi. Wazee waliita hiyo kuuziwa mbuzi kwenye gunia, lakini afadhali kwenye gunia unasikia kitu kinalia.

Sasa wakubwa wa tiketi walipoona walanguzi wanakula zile zawadi, wengine waliwaza hivi: kumbe watu wana uwezo wa kulipa, basi tuzile wenyewe. Ndiyo ikaja bei inayopanda jinsi watu wanavyosukumana. Agosti 2024, kundi la Oasis la Uingereza lilipotangaza kurudi jukwaani baada ya miaka kumi na mitano, mashabiki walikaa kwenye foleni ya mtandaoni masaa. Tiketi za kusimama zilizotangazwa kwa pauni 148 baadhi yao walizikuta zimefika 355 walipofika mbele. Ni kama usimame kwenye foleni ya mafuta ya taa tangu asubuhi, ukifika dirishani unaambiwa bei imepanda kwa sababu foleni ni ndefu. Foleni ile ile uliyoirefusha kwa kusimama kwako! Wanaita kumkomoa mlanguzi. Mimi naona wamemfukuza mlangoni wakamwingiza dirishani, kavaa suti na beji ya kampuni.

Si wasanii wote waliokubali. Mwaka 2023 Robert Smith wa kundi la The Cure alikataa bei za kupanda katika ziara yake ya Marekani, akataka tiketi nyingi zisihamishike kwa mtu mwingine, na zipo zilizouzwa dola 20. Halafu mashabiki wakaanza kuonyesha risiti: ada za huduma zimeizidi bei ya tiketi. Alipiga kelele hadharani, na Ticketmaster wakarudisha kidogo, dola 10 kwa wa tiketi za chini na dola 5 kwa wengine. Kidogo, lakini zilirudi. Vijana, msanii wenu akisema "mimi sihusiki na tiketi," mkumbusheni huyo.

Nchi nyingine zilichagua njia fupi. Uingereza, kuuza tiketi ya mpira bila idhini ni kosa la jinai tangu mwaka 1994, kwa sababu ya usalama wa viwanjani, wasije wakachanganyika mashabiki wa timu mbili. Japani waliweka sheria iliyoanza Juni 2019, kabla ya Olimpiki yao, kwamba kuuza tena tiketi za matamasha na michezo kwa bei ya juu kama biashara ni kosa. Ireland wakafuata mwaka 2021. Novemba 2025 serikali ya Uingereza nayo ikatangaza kwamba itapiga marufuku kuuza tiketi yoyote ya tamasha zaidi ya bei iliyonunuliwa. Ilichukua miaka ishirini na mitano tangu StubHub ianze.

Najua yupo atakayeniuliza: Mama, na mtu akiumwa? Akifiwa? Swali zuri, na limenipata mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilinunua tiketi ya mechi Dar es Salaam, nimeshalipa na nauli ya basi, jioni napigiwa simu kuna msiba Newala. Tiketi nilimpa kijana wa jirani, akanirudishia bei niliyonunulia. Hapo hapana ulanguzi. Kuuza tena si dhambi. Dhambi ni kununua kwa nia ya kumtangulia mwenye haja. Mitumba tunaivaa wote, lakini mtumba ni nafuu kuliko nguo ya dukani. Ukiona mtumba ni ghali mara tatu kuliko mpya, jua kuna mtu amefunga duka.

Sasa turudi nyumbani, maana mnaweza kudhani habari hizi ni za Wazungu na pauni zao.

Pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar, watu wanaingia mechi kwa N-Card, tiketi inaingia kwenye kadi kwa simu. Huku kwetu matamasha yameanza kuuza kwa simu pia: unalipa, unatumiwa ujumbe wenye kile kimraba cha vidoti, mlangoni kijana anakipiga kwa simu yake, kikilia unaingia. Ni jambo jema. Hakuna wino wa zambarau wa kunichafua vidole. Lakini niwaambie nilichokiona kwa macho yangu msimu uliopita, kwenye ukumbi mmoja ambao sitautaja.

Nilikuwa nimekaa pembeni ya mlango, sina kazi, nimealikwa tu. Akaja binti, kavaa gauni jipya, lebo bado inaning'inia kwapani, nadhani alipanga kulirudisha dukani. Katoa simu yenye kioo kilichopasuka. Kijana wa mlangoni akakipiga kile kimraba. Simu ikalia mlio mbaya, ikaandika kwa nyekundu: imeshatumika. Wakajaribu tena. Nyekundu. Binti akasema amenunua kwa mtu aliyeweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp, elfu kumi na tano, tiketi ya elfu kumi, kwa sababu zile za kawaida aliambiwa zimekwisha. Ametoka Newala na gari la mchana. Akafungua kuonyesha. Kumbe alichotumiwa ni picha tu, mtu amepiga picha kioo cha simu yake. Nyuma yake akaja kaka mmoja na kimraba kilekile. Halafu wa tatu, naye kilekile. Aliyetangulia kuingia na picha ile alikuwa ndani anacheza, na hatukuweza kujua ni nani. Namba ya muuzaji haipatikani.

Yule wa chini ya mwembe alikuwa analangua, lakini tiketi ilikuwa tiketi. Na ukimkosa usiku ule, kesho unakwenda kwa mama yake.

Binti alikaa kwenye benchi langu. Hakulia. Aliuliza gari la kwanza la kurudi Newala linaondoka saa ngapi. Nilimwomba mwandaaji amwingize, akakataa kwanza, akasema akimwingiza mmoja wataingia wote, na alikuwa na haki. Mwishowe aliingia saa nane usiku, wasanii wakubwa wameshashuka.

Basi msimu huu, kabla hamjatia saini na kampuni yoyote ya kuuza tiketi, na najua zipo mbili zinazowazungukia, waulizeni mambo haya uso kwa uso. Mtu mmoja, namba moja ya simu, anaweza kununua ngapi? Mimi ningesema nne, familia inatosha. Jina la mnunuzi linaandikwa? Mlangoni mtaliangalia, au litakuwa pambo? Kile kimraba kinabadilika kila mara ndani ya programu, ili picha ya jana isifanye kazi leo, au ni kimoja tangu siku ya kununua? Aliyepatwa na udhuru anairudisha wapi, kwa bei gani? Hapo msikubali jibu la "atajua mwenyewe," kwa maana yule asiye na pa kurudishia ndiye anayekwenda kwenye stetasi. Ticketmaster wenyewe, kule Uingereza, mwaka 2018 walifunga kurasa zao mbili za walanguzi wakaweka pa kurudishia kwa bei ya kununulia. Kama wao waliweza, na kampuni iliyopanga chumba kimoja mtaa wa pili itaweza. Na ada ya huduma iandikwe kwenye bango, pamoja na kiingilio, kwa herufi za ukubwa uleule.

Halafu nawaomba sana, acheni sehemu ya tiketi ziuzwe kwa mkono. Robo, au hata mia moja tu. Siku moja, mahali pamoja, zamu ya aliyetangulia. Wapo watu wa Msimbati na Nanyamba ambao simu yao ni ya tochi, haipokei vimraba. Wana subira tu. Mwaka jana niliuza mia na hamsini kwa namna hiyo dukani kwangu; foleni ilianza saa kumi na moja alfajiri, na mtu wa kwanza alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Walikuwepo na vijana watatu wakaja mara ya pili wamebadilisha kofia. Mimi sura hainipotei.

Nimemaliza, mwenyekiti, chai naiona inakuja.

Maswali yalikuwa mengi, mengi ya bei na mikataba, na tuliyajibu kadiri tulivyoweza. Ninaloliandika hapa ni la mzee mmoja wa Magomeni aliyekaa mstari wa mbele na bakora yake. Alisimama taratibu akauliza: "Mwanangu, ule mwembe wa ng'ambo ya ukumbi umekatwa?"

Nikamwambia hapana, upo.

"Na muziki pale bado unasikika?"

Unasikika, mzee.

Akakaa.